Kufa Marufuku Jiwejeupe

Kwanza nitoe shukrani kwa Waziri wa Urekebisho. Bila amri yake nisingekuwa hapa nilipo, na wala nisingepata muda wa kuandika. Watu wa nchi jirani wanatuonea wivu bila kujua sababu. Sababu ninayo mimi: katika nchi yetu, kufa gerezani ni marufuku.

Amri ilitoka mwezi wa pili, saa nne asubuhi, redioni. Waziri alisema amesoma taarifa za magereza, akahuzunishwa na jinsi wafungwa wanavyokufa ovyo.

"Mtu anahukumiwa miaka saba," alisema, "anakaa mmoja, anajifia. Hiyo sita anamwachia nani? Huu ni utoro! Kuanzia leo saa sita kamili mchana, hakuna kufa ndani ya gereza lolote mpaka mhusika amalize kifungo chake."

Studio nzima ikapiga makofi. Siku hiyo hiyo neno "mfungwa" likafutwa, tukaagizwa kusema "mrekebishwa", na gereza letu la Jiwejeupe likabandikwa kibao kipya: Nyumba ya Urekebisho. Kuta zilibaki zile zile, maana zilikuwa bado nzima.

Katika chumba cha wagonjwa alikuwamo mzee mmoja mahututi. Aliposikia tangazo likirudiwa aliuliza saa. Akaambiwa saa tano na nusu. Akashukuru, akageukia ukutani, akawahi.

*

Mimi ni Mbaraka Chitete, askari wa gereza hilo, umri miaka ishirini na sita, buti zangu zinang'aa kuliko za mkuu wangu. Tena ni mshairi. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mizani katika kuhesabu wafungwa, na yeyote anayecheka aje tushindane.

Hesabu yetu ni hivi. Kila asubuhi na kila saa kumi alasiri watu wanachuchumaa uwanjani, wanane wanane, mikono magotini. Sajini Likoko, mama mwembamba mwenye sauti ya kengele, anasoma majina kwenye daftari, na kila mtu anaitikia "Nipo!" Wakati huo askari mwingine anapita na fimbo akigusa mabega. Majina na mabega lazima yalingane. Yasipolingana, hakuna anayekula na hakuna anayetoka, askari na wafungwa sote. Tulikuwa nao mia tatu na nne, safu thelathini na nane, hakuna baki.

Nikipita na fimbo nilikuwa nasema mstari kimoyomoyo: bega moja, silabi moja. Safu ikiisha, kipande kimeisha. Ushairi wangu wote umepimwa kwa mabega ya watu.

Aliyegundua ni seremala mmoja, Kalisti Mahundi, safu ya mwisho, bega la nne. Siku hiyo midomo yangu ilikuwa ikicheza.

"Afande," alisema bila kuinua kichwa, "huo mstari wako una mguu mfupi."

"Nani kakwambia nina mstari?"

"Umeruka bega langu. Umekosa silabi, ukaninyima yangu."

Nilitaka kumchapa. Nilihesabu upya, nikakuta anasema kweli.

Kalisti hakujua kusoma, ila alikuwa na sikio. Alifungwa kwa sababu ya kiti. Wilaya ilimwagiza kiti cha Waziri kwa ajili ya sherehe fulani, ikampa mbao mbichi. Akasema mbao hizi zitapinda. Akaambiwa aache siasa. Siku ya sherehe Waziri alikaa, mguu wa nne ukaachia, na hakimu akaandika miaka saba kwa kosa la kuiangusha serikali.

Zamu yangu ilikuwa karakana ya useremala, kwa hiyo tulikuwa pamoja kutwa. Yeye anapiga randa, mimi natunga. Mistari mitatu hunijia upesi. Wa nne ndio hunitesa. Nilikuwa namsomea mitatu, naye anapuliza maranda kwenye randa, anafikiri, kisha anautoa wa nne kama mtu anayetoa kijiko mfukoni.

"Nyie mnaita kituo," aliwahi kuniambia. "Mimi naita mguu wa nne. Shairi lako likikaliwa na mtu mzito, ndipo utajua."

*

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, majira ya asubuhi, Kalisti aliweka randa chini.

"Afande Mbaraka, kifua kinanibana."

"Daktari anakuja Alhamisi."

"Alhamisi mbali."

"Mbali wapi, bwana? Keshokutwa tu. Piga kazi, kitaachia."

Nayaandika maneno yangu yote kama nilivyoyasema, sikupunguza silabi. Nilikuwa na mistari mitatu mizuri mkononi na nilitaka anipe wa nne. Saa nane mchana randa ilinyamaza. Nilidhani anafikiri. Nikamsubiri. Nilimsubiri kwa muda mrefu, nikifurahi kwamba safari hii nimemshinda, mpaka nilipoona ubao umeanza kulowa chini ya shavu lake.

Nilikimbia kwa Mkuu wa Gereza, Mrakibu Pembamoto, mtu mnene anayependa kuzungumza akiwa amesimama kwenye kizingiti ili asikike vyumba viwili.

"Afande, Mahundi amefariki."

"Amefanya nini?"

"Amefariki, afande."

"Chitete," alisema kwa upole, "unajua ni mwezi gani huu?"

"Wa tatu, afande."

"Na marufuku ilianza lini?"

"Wa pili, afande."

"Basi umekosea kuona. Huwezi kuona kitu kilichokatazwa." Akafunga mlango, akaufungua tena. "Amebakiza muda gani?"

"Miaka mitano na miezi minne."

"Ee Mola wangu. Mtu ana roho ngumu huyo."

Tulimzika siku hiyo hiyo nyuma ya karakana, mimi na wafungwa wawili walioapishwa kwamba wanachimba shimo la taka. Juu tukamwaga gunia la maranda, yale aliyoyatoa mwenyewe asubuhi.

Saa kumi ikafika. Sajini Likoko akafungua daftari, na Mrakibu Pembamoto akanishika bega.

"Wewe na yeye mna kimo kimoja," alisema. "Vua kombati."

*

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuchuchumaa safu ya mwisho, bega la nne, ndani ya sare ya rangi ya chungwa iliyokuwa bado na harufu ya gundi ya mbao. Lilipoitwa jina la Mahundi Kalisti nikaitikia "Nipo!" Mia tatu na nne. Ugali ukapakuliwa.

Wenzangu wa safu walisogea kunipisha. Mmoja, jambazi wa zamani, aliniambia pembeni ya mdomo, "Karibu, afande. Magoti yanazoea. Moyo ndio unachelewa."

Niliambiwa ni kwa wiki moja, mpaka wizara itoe mwongozo. Wizara ilitoa mwongozo: endeleeni.

Likatokea tatizo dogo. Gwaride la askari linapangwa saa ile ile ya kuhesabu wafungwa, na mimi sikuwa na miguu minne. Kila jina langu lilipoitwa upande wa askari, kimya. Mwezi wa tano nikapata barua ya onyo kwa utoro kazini, imesainiwa na Mrakibu Pembamoto. Nikaipeleka kwake.

"Afande, si wewe uliyeniweka kule?"

"Mimi nimemweka Mahundi," alisema. "Chitete simwoni gwarideni, nifanyeje? Nisaini uongo?"

*

Sasa nije kwa mama yake.

Siku ya ndugu ni Jumapili ya kwanza ya mwezi. Mama Kalisti alikuwa anatoka mbali, kwa miguu na kwa gari la mkaa, na bakuli la bati lililofungwa kwa kanga. Safari ya kwanza baada ya mazishi nilimkuta dirishani, nikiwa ndani ya kombati yangu ya askari. Utaratibu wetu ni kwamba aliyeleta chakula anaonja kwanza mbele ya askari, ili ijulikane hakina sumu. Akaonja tonge la kwanza la ndizi na maharage, akalimeza, akafungua mdomo nione.

"Haya mwanangu. Niitie Kalisti wangu."

"Mama, Kalisti yuko kwenye kozi."

"Kozi ya nini?"

"Kozi ya juu ya urekebisho." Ndivyo nilivyoagizwa kusema.

"Atamaliza lini?"

"Ni kozi ndefu, mama."

Alinitazama. Ana macho ya mwanawe, yale ya kupima ubao kwa jicho moja. "Basi mpelekee. Mwambie ale yote, asianze kugawa gawa. Unirudishie bakuli langu."

Nikaenda nalo karakana. Ningemwaga wapi? Kumwaga chakula cha mama wa mtu ni kitu gani? Nikakaa kwenye benchi lake nikala. Nilikula yote, kama nilivyoagizwa. Kisha nikaliosha bakuli kwa majivu na maji, nikalifuta kwa shati langu lililolowa machozi mpaka likanionyesha uso, nikalirudisha dirishani.

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akatazama ndani. Alilitazama kwa muda.

"Amekula?" aliuliza.

"Amekula, mama. Amekuombea."

"Haya," alisema, akalifunga kwenye kanga.

Alirudi mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila mara alionja kwanza, kila mara aliuliza kama kozi imekwisha, na kila mara nilikula, nikaosha. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile, na sijawahi kushiba hata siku moja.

Mwezi wa sita nilianza kusikia randa. Saa nane mchana, jua kali, karakana imefungwa na ufunguo uko shingoni mwangu: srrr, srrr, kisha kimya cha mtu anayepuliza. Nikifungua, hamna mtu. Sakafuni kuna maranda mapya, yamejiviringa, bado yana unyevu. Nilifagia. Kesho yake, yapo. Nilimwambia Sajini Likoko. Aliniangalia juu ya miwani.

"Mbaraka, mimi nasoma majina. Asiyetaka kuitika na aache. Huyo anaitika."

"Ninayeitika ni mimi, Sajini."

"Una uhakika?"

Nilikuwa na uhakika mpaka mwezi wa nane. Asubuhi hiyo nilikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa. Sajini alisoma, "Mahundi Kalisti!" Nikafungua mdomo, hakuna kilichotoka. Na hapo hapo, kwenye bega la nne, kutoka ndani ya sare niliyovaa, mtu akasema kwa sauti ya chini, ya heshima, "Nipo."

Safu nzima ilisikia. Yule jambazi wa zamani alianza kulia kama mtoto. Mrakibu Pembamoto, aliyekuwa kizingitini, alipiga makofi.

"Mnaona nidhamu?" alisema. "Igeni kwa huyo!"

*

Mwaka wa marufuku ulipotimia, Waziri akaamua kuja Jiwejeupe mwenyewe, kwa kuwa gereza letu lilikuwa na rekodi safi kuliko yote. Uwanja ukapakwa chokaa. Ikaamuliwa kwamba mrekebishwa mmoja bora asamehewe mbele ya waandishi na akabidhiwe kwa mama yake. Kamati ilipitia mafaili yote. Mmoja tu alikuwa hana kosa: hakuwahi kugombana, hakuwahi kuomba dawa, hakuwahi kulalamikia chakula. Mahundi Kalisti.

Mrakibu Pembamoto aliniita, akafunga mlango tukiwa ndani wote wawili, kwa mara ya kwanza.

"Utatoka kama Mahundi. Mama atatia dole gumba kwamba amempokea mwanawe mzima. Mtatembea pamoja mpaka njia panda. Pale gari litakuchukua, utapelekwa kituo kingine, na utakuwa Koplo."

"Na mama?"

"Atakuwa amekabidhiwa."

"Amekabidhiwa nini, afande?"

"Chitete, usinitafutie maneno. Koplo! Mwenye umri wako nani mwingine ni Koplo? Na kwa kuwa unasifika kwa mashairi, Mahundi atamsomea Waziri shairi la shukrani. Litunge."

Nisijifanye malaika. Nilizitaka zile tepe mbili begani. Niliona tayari nimezivaa, nikipita sokoni. Nikakaa karakana kutunga. Mistari mitatu ilikuja upesi. Wa nne nilihangaika nao siku tano, na nyuma yangu randa ilikuwa inakwenda na kunyamaza, inakwenda na kunyamaza, kama mtu anayeujua na anasubiri aombwe. Sikuomba. Nina kiburi, sikatai. Nikasema siku hiyo nitabuni papo hapo.

*

Waziri alikuja na kiti chake cha chuma kutoka mji mkuu, na walinzi wawili wa kukishikilia. Alihutubia saa moja na nusu.

"Nchi nyingine zinajenga hospitali ndani ya magereza," alisema. "Sisi tumekwenda kwenye chanzo cha tatizo. Tumekikataza kifo chenyewe!"

Wafungwa walichuchumaa safu thelathini na nane. Mama Kalisti aliketishwa jukwaani, bakuli lake mapajani, mbele yake karatasi na kidau cha wino. Nilipoitwa nikapanda katika ile sare ya chungwa. Aliniona, akanitambua mara moja, mimi wa dirishani. Hakushtuka. Alinyanyua uso tu akaningojea, na nikaelewa kwamba anachokitaka ni kimoja, na kwamba hapo hakuna mwingine wa kumpa ila mimi.

Kipaza sauti kikakoroma. Nikaanza:

"Waziri umetujali, kifo umekikataza,
Hapa hafi mtu kweli, hata akijilegeza,
Twahesabiwa kamili, hakuna wa kupunguza..."

Makofi. Waziri akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikavuta pumzi nibuni wa nne, niseme chochote, jua, maua, taifa. Na pumzi ile ilikuja na harufu ya mbao mbichi. Mdomo ni wangu. Sauti iliyotoka haikuwa yangu, na ilitoka polepole, ya mtu anayetoa kijiko mfukoni:

"Ila mimi sina mwili, na mama anauliza."

Nilihesabu, hata katika hofu ile. Nane na nane. Haukupungua kitu.

Mama Kalisti akasimama, akalishika bakuli juu ili Waziri alione.

"Mwanangu nimemlea mwenyewe miaka thelathini na moja," alisema. "Tangu azaliwe hajapata kuosha bakuli. Alikuwa akila, analiacha na ukoko, mpaka nimpigie kelele. Mwaka mzima narudishiwa bakuli linalong'aa. Nilijua siku ile ya kwanza. Nimeendelea kuleta chakula kwa sababu humu ndani kuna mtoto wa mtu anakula akilia, bakuli linatoka hapa linang'aa lakini lina chumvi ya machozi. Sasa nauliza mbele yenu wakubwa. Kalisti wangu yuko wapi?"

Sijui ni mazoea au ni nini. Sajini Likoko, amesimama wima kando ya jukwaa, akafungua daftari, akaita kwa ile sauti ya kengele:

"Mahundi Kalisti!"

"Nipo," ikajibiwa, kutoka nyuma ya karakana. Mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Watu mia sita ni mashahidi, na wote baadaye walitia saini kwamba hawakusikia.

"Yuko kule, mama," nikasema, nikamwonyesha kwa mkono. "Chini ya maranda. Aliniambia kifua kinambana, nikamwambia asubiri Alhamisi."

Alishuka jukwaani. Safu thelathini na nane zikagawanyika, zikampisha. Hakuna askari aliyemzuia, maana hakuna amri iliyoandikwa kuhusu mama anayekwenda kwa mwanawe aliye hai kisheria.

*

Wengine wangeaibika. Waziri wetu ana akili nyingi. Alijiweka sawa kwenye kiti chake cha chuma, akauliza tarehe ya kifo na tarehe ya marufuku, akazilinganisha.

"Basi huyu ametenda kosa," alisema. "Amekufa bila kibali, tena saa za kazi. Msamaha umefutwa. Aongezewe mitano."

Mrakibu Pembamoto aliuliza kwa unyenyekevu nani atakaa hiyo miaka. Waziri akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaitazama sare ya chungwa, akaona imenikaa vizuri. Mbaraka Chitete, bila mimi kuambiwa, alikuwa tayari amefukuzwa kazi tangu mwezi wa kumi kwa utoro, kwa hiyo hakuna aliyepotea. Pembamoto amepandishwa cheo. Mimi nimebakiza miaka tisa na miezi mitano, na nimekatazwa kufa.

Naandika kwenye benchi la Kalisti. Nimejifunza randa. Saa nane mchana tunapokezana: yeye akinyamaza naanza mimi. Kwenye hesabu, Sajini Likoko akilisoma jina lile zinaitika sauti mbili, naye anaweka alama moja.

Mama Kalisti anakuja kila Jumapili ya kwanza. Wanamruhusu aingie, kwa sababu kwenye daftari anamtembelea mrekebishwa aliye hai. Anaanzia nyuma ya karakana, anakaa chini kwenye maranda, anaongea kwa sauti ya kawaida mambo ya nyumbani: nani kaoa, mbuzi gani kazaa. Kisha anakuja kwangu, anaonja tonge la kwanza, anasukuma bakuli.

Mara ya kwanza baada ya yale yote nilipomaliza kula nilinyanyuka kwenda kutafuta majivu na maji. Alinishika mkono.

"Liache."

"Mama, lina ukoko."

"Ndiyo. Nipe hivyo hivyo."

Akalifunga kwenye kanga, chafu, akaondoka nalo. Tangu siku hiyo silioshi, na yeye, akifika langoni, anageuka ananipigia kelele.